Mti wa Krismasi: wa kukatwa au wa boksi?

Mti wa kukatwa hukudai maji kila siku kwa wiki tatu. Mti wa plastiki hukudai nafasi kwa miezi kumi na moja. Nimekaa na yote miwili kwa nyakati tofauti, na mtu akiniuliza anunue upi, huanzia hapo kabla sijagusia uzuri, harufu wala mazingira. Nyumbani kwako nani atakumbuka kumimina maji asubuhi? Na lile boksi refu kama benchi litalala wapi kuanzia Januari? Ukiwa na jibu la swali moja tu kati ya hayo mawili, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Niseme mapema ninakoegemea. Mwenye mti wa plastiki tayari asiuache. Anayenunua kwa mara ya kwanza autazame sana ule wa kukatwa, mradi ajue utaishia wapi baada ya sikukuu. Lakini yapo mambo yanayoweza kuupindua ushauri huo wote, na baadhi yake hayasemwi na muuzaji wa upande wowote.

Mti unaokunywa

Mti ukikatwa haufi siku hiyo. Majani yake huendelea kupoteza maji hewani, na shina huendelea kuyavuta kutoka chini, kama ua lililokatwa na kutiwa kwenye chombo. Shida ni kwamba pale ulipopita msumeno hutoka utomvu, na utomvu ukikauka huziba vile vitundu vinavyopitisha maji. Saa chache zinatosha. Kwa hiyo mti ulioukuta umeegemezwa ukutani tangu jana una kidonda kilichokwisha kuziba, na hata ukiusimamisha kwenye pipa la maji hautakunywa.

Dawa ni kukata tena. Ukifika nyumbani ondoa sentimita 2 hadi 3 chini ya shina, kisha uutie majini papo hapo. Kata sawasawa, usikate kwa mshazari. Mkato wa mshazari hauongezi unywaji, ila huufanya mti ukatae kusimama wima na hutaka maji mengi zaidi ili ufunikwe wote. Wala usichonge gome ili shina lienee kwenye stendi ndogo, maana tabaka zilizo karibu na gome ndizo zinazovuta maji vizuri kuliko za katikati. Stendi ikiwa ndogo, tafuta kubwa.

Hili mimi nililijua kwa kuchelewa. Mti wangu wa kwanza niliufikisha, nikausimamisha, nikajaza maji pomoni. Siku ya pili maji yapo pale pale. Siku ya tatu, pale pale. Nikajipongeza kwamba nimepata mti usio na makuu. Siku ya tisa mwanangu akanifuata jikoni akasema, "Mama, mti unanyesha." Tukaenda tukanyamaza kusikiliza, na kweli, sindano zilikuwa zinadondokea karatasi za zawadi kama manyunyu juu ya bati.

Mti uliokatwa vizuri utaujua siku ya kwanza. Wa mita 2 unaweza kumaliza lita 4 ndani ya saa 24, kisha hupunguza kasi. Kipimo cha wakulima wake ni stendi kubeba lita 1 ya maji kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina, yaani shina la sentimita 10 linataka stendi ya lita 4. Maji ya bomba yanatosha. Sukari, aspirini na maajabu mengine wanayoshauriana watu hayaongezi kitu. Linalotakiwa ni maji yasishuke chini ya mkato hata mara moja, kwa sababu mkato ukikauka utaziba upya, na safari hii itakubidi ukate mti uliokwisha kuvishwa taa, mipira na nyota. Sijamwona mtu aliyethubutu.

Aina ya mti nayo ina neno. Sprusi ya Norwei, mti wa Krismasi wa jadi katika sehemu kubwa ya Ulaya, ina umbo zuri lakini ndani ya nyumba yenye joto huanza kupukutika mapema. Ni mti wa nje. Ule mkubwa ambao jiji la Oslo hulipelekea jiji la London kila mwaka tangu 1947, ukasimamishwa Trafalgar Square, ni sprusi hiyo hiyo, nao hustahimili kwa sababu unasimama kwenye baridi na unyevu uliouzoea. Kwa sebuleni tafuta Nordmann, wenye asili ya milima ya Kaukazi, au Fraser, wa milima ya Appalachia huko Marekani. Hii hushika majani yake wiki nne bila taabu ikinyweshwa. Nordmann una sindano pana kidogo, laini, zisizochoma, na hilo utalishukuru siku utakayolala kifudifudi chini ya mti ukitafuta soketi. Kasoro yake ni harufu. Ipo, lakini ni hafifu.

Unapochagua usitumie macho peke yake. Shika tawi, lipitishe vidoleni polepole kuelekea kwako. Majani mengi yakibaki mkononi, uache. Kisha inua mti kidogo, gonga kitako chake chini. Majani ya kahawia yakitoka ndani usishtuke, ni ya miaka iliyopita na hudondoka kwa kawaida. Ya kijani yakimwagika kutoka nje, mti huo umekauka, hata muuzaji aape vipi.

Na yote haya huenda mbio zaidi palipo na joto. Kusini mwa ikweta Krismasi huangukia kiangazi, kaskazini nako huwashwa hita, na kwa mti hayo ni mateso yale yale. Dirisha la jua la mchana, kando ya hita, mbele ya upepo wa kiyoyozi: popote kati ya hapo hautamaliza wiki mbili. Kama sebule yako haina kona yenye ubaridi, na mti wenyewe husafirishwa siku nyingi ndipo ukufikie, basi faida zake nyingi zimekwisha kabla hujaufungua kamba. Vivyo hivyo kwa wale wanaotaka mti uwe umesimama tangu katikati ya Novemba. Hao plastiki ndiyo yao, tusibishane.

Sura na harufu

Mti bandia haukungoja plastiki. Wajerumani wa karne ya 19 walitengeneza miti kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani na kuzungushiwa nyaya. Miaka ya 1960 Wamarekani waliipenda miti ya alumini iliyong'aa kama sinia. Hiyo haikuvishwa taa za umeme kwa hofu ya kupigwa shoti, hivyo ikamulikwa kutoka chini kwa taa yenye gurudumu la rangi linalozunguka. Angalau ile haikujifanya imetoka shambani. Ya leo hujifanya, na baadhi hufanikiwa kuliko mingine.

Tofauti iko kwenye plastiki. PVC hukatwa kutoka karatasi nyembamba na kusokotwa kwenye waya, kwa hiyo majani yake ni bapa na tawi zima hukaa kama brashi ya kuoshea chupa. PE, yaani polyethilini, huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu yenye umbo la tawi la kweli, jani likatoka na unene na mgongo wake. Watengenezaji wengi huchanganya. PE hukaa nje panapoonekana, PVC hujazia ndani karibu na shina. Hapo ndipo mnunuzi huponzwa, maana herufi za PE huweza kuandikwa kubwa kwenye boksi hata kama ni ncha chache tu. Tafuta asilimia yake, au uombe kuuona mti uliofunguliwa, upanue matawi na utazame tumboni.

Hesabu nayo idadi ya ncha za matawi, ambayo huandikwa kwenye boksi. Mti wa mita 2 wenye ncha mia nne utaonyesha nguzo yake ya chuma katikati kila taa zikiwaka. Ukipita elfu moja nguzo hupotea. Na pima dari kwanza, kwa mti wa aina yoyote. Toa urefu wa stendi, toa urefu wa nyota, kisha acha nafasi ya kupumua. Mti ulioonekana mdogo nje, chini ya anga, hugeuka jitu ukivuka mlango.

Mti halisi hauna ulinganifu huo wa kiwandani. Una upande uliokuwa umebanwa na jirani yake shambani, una tawi lililokataa kufuata wenzake. Wengine huona hiyo ni kasoro. Mimi huona ndiyo sababu ya kuununua, kwani mti wa mwaka jana na wa mwaka huu hawawezi kuchanganywa kwenye picha.

Kwenye harufu hakuna mashindano. Ile hutoka kwenye utomvu, ambao una terpeni mbalimbali, yaani kemikali za harufu, zikiwemo pineni iliyo na harufu ya msonobari na limoneni, hiyo hiyo iliyomo kwenye maganda ya machungwa. Kuna vijiti vya manukato vya kuning'iniza kwenye mti wa plastiki ili kufidia. Nimevijaribu. Sebule ilinukia kama gari lililotoka kuoshwa.

Mazingira: mti huhukumiwa siku unapotupwa

Hapa ndipo watu hugombana, na kila upande una chama chake cha wafanyabiashara cha kuutetea.

Wa plastiki husema wao hawakati miti. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama miti hii ingevunwa msituni, lakini kwa sehemu kubwa hulimwa kama zao jingine lolote. Mti wa mita 2 hukaa shambani miaka 7 hadi 10, na mkulima akivuna hupanda tena kwa sababu asipopanda hana biashara. Marekani peke yake huuza kati ya milioni 25 na 30 kwa mwaka, na mingi zaidi ya hiyo hubaki shambani ikikua. Ukiacha kununua mti halisi humwokoi mti yeyote. Huenda tu shamba hilo likageuzwa kuwa kitu kingine. Hata hivyo wa mti halisi nao wasijitakase sana. Shamba la miti ya Krismasi ni la aina moja ya mmea, na mengi hupigwa dawa za wadudu na za magugu kama mashamba mengine.

Tuje kwenye hewa ukaa. Carbon Trust, taasisi ya Uingereza inayofanya hesabu za aina hii, ilikadiria kwamba mti bandia wa mita 2 hubeba takriban kilo 40 za gesi joto, nyingi zikitokana na kutengeneza plastiki yenyewe. Mti halisi wa urefu huo, ukichomwa au kusagwa kuwa matandazo baada ya sikukuu, ni kilo 3.5. Mti huo huo ukitupwa dampo ni kilo 16.

Soma tena namba mbili za mwisho. Ni mti ule ule, shamba lile lile, lori lile lile. Kilichobadilika ni siku moja ya Januari. Mti uliofukiwa chini ya takataka huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoshika joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa. Ukiusaga au ukauozesha mahali penye hewa, unarudisha tu kile ulichokuwa umevuta ulipokuwa unakua.

Sasa gawanya mwenyewe. Kama miti yako halisi husagwa, mti wa plastiki utahitaji kutumika Krismasi kumi na mbili ndipo usawazishe. Kama miti yako halisi huenda dampo, plastiki inakushinda mwaka wa tatu tu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "halisi ni bora kwa mazingira" bila kusema unaishia wapi, bado hajasema kitu. Makadirio mengine ni makali zaidi. Kampuni ya ushauri ya Ellipsos ya Montreal ilifanya hesabu yake mwaka 2009 ikafikia miaka 20. Mengine ni laini kuliko hayo, kutegemea mti umesafirishwa kutoka wapi na huishi miaka mingapi.

Na kuna kitu kidogo kinachovuruga hesabu zote: gari lako. Gari la petroli la kawaida huweza kutoa kilo 3.5 za hewa ukaa kwa mwendo wa kilomita 20 hivi. Familia inayoendesha saa nzima kwenda shambani kujikatia mti wenyewe, na saa nzima kurudi, imefanya jambo zuri la kukumbukwa. Isilipe jina la kutunza mazingira tu.

Upande wa plastiki una doa jingine lisilofutika. Majani ya PVC yamesokotwa na waya wa chuma kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi isiyolipa, kwa hiyo mti uliochoka haurejelezwi. Huenda dampo na kubaki huko. Mti halisi una njia nyingi za kwenda kwa heshima. Pwani ya Lancashire, Uingereza, hufukiwa kwenye matuta ili uzuie mchanga usichukuliwe na upepo. Louisiana huijengea vizuizi vya kulinda vinamasi visimomonywe na mawimbi. Bustani ya wanyama ya Berlin huwapa tembo, ingawa ni ile tu iliyobaki bila kuuzwa, kwani iliyotoka majumbani huweza kuwa na dawa au vipande vya mapambo. Hilo la mwisho linakuhusu hata kama huna tembo. Hakuna anayeweza kusaga mti wenye nyaya, utepe wa kumetameta na theluji ya kupuliza. Vua kila kitu kabla hujautoa nje.

Moto

Mti halisi ulionyweshwa ni mgumu kuushika moto. Mti halisi mkavu ni kinyume chake kabisa. Katika majaribio ya maabara mti wa namna hiyo huwaka wote chini ya dakika moja, kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kufuata ndoo. Kwa hiyo sindano zikianza kumwagika, usihesabu siku zilizobaki hadi mwaka mpya. Utoe nje.

Miti mingi ya plastiki hutiwa kemikali za kuchelewesha moto, na maneno hayo huandikwa kwenye boksi. Kuchelewesha si kuzuia. Ikishika, PVC hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu hugeuka asidi.

Kwa yote miwili chanzo kikubwa ni umeme na mishumaa. Mwaka 1882 huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipamba mti wake kwa taa 80 za umeme, na tangu hapo mshumaa kwenye tawi haukuwa na sababu ya kuwepo. Tumia LED, ambazo hazichemki kama balbu za zamani na hazikaushi matawi. Usiunganishe nyaya kwa nyaya kupita idadi iliyoandikwa na mtengenezaji, na zima unapokwenda kulala.

Stoo

Watu husahau kwamba mti wa plastiki huishi stoo, na sebuleni huja kutembea tu. Na stoo ndiyo huuua. Joto la darini, chini ya bati au vigae, huikausha PVC hadi majani yakakatika ukiyagusa. Unyevu wa ghorofa ya chini hualika kuvu na kutu. Mahali pazuri ni pakavu na pasipo joto kali, na begi lenye zipu ni bora kuliko boksi la karatasi ambalo panya hulifanya kitanda.

Siku ya kuutoa nayo ina kazi yake. Mti unaofunguliwa kama mwavuli, matawi yakiwa na bawaba, husimama kwa dakika kumi. Ule wa kuchomeka tawi moja moja kwa kufuata alama za rangi huchukua jioni nzima, hasa alama zikiwa zimefutika. Kisha kuna kunyoosha ncha, kila ncha, iliyolala mwaka mzima imebanwa. Usipotoa saa moja kwa kazi hiyo, mti wa ghali utaonekana wa bei rahisi.

Hapo hapo niseme kuhusu miti inayouzwa na taa zilizofungwa kiwandani. Inarahisisha, sikatai. Lakini majani yanaweza kudumu miaka kumi na tano, na taa haziwezi. Siku mstari wa katikati utakapozima utakuwa na mti wenye mkanda wa giza kiunoni, na wengi huutupa wote. Nunua mti mtupu, taa zake kando.

Mti wa zamani sana wa PVC una jambo moja la kuhadhari. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yalitumika kama kiimarishi cha plastiki hiyo, na plastiki ikizeeka na kukatikakatika, huweza kutoa vumbi lenye risasi. Ukirithi mti ambao majani yake yanavunjika mkononi, usiwaache watoto watambae chini yake, na nawa mikono baada ya kuupamba. Hiyo ndiyo sababu moja ninayoikubali ya kuuaga mti wa plastiki ambao bado unasimama.

Mwenye aleji hana pa kukimbilia moja kwa moja. Mti halisi huingia na mbegu za kuvu, ambazo huongezeka hewani kadiri unavyokaa ndani. Wa plastiki huingia na vumbi la mwaka mzima. Wa kwanza uoshe kwa maji ukauke nje kabla hujaingia. Wa pili upanguse kwa kitambaa kibichi. Paka hawahitaji maelezo: watapanda wowote. Fungia mti ukutani kwa uzi, funika maji ya stendi, na usitumie utepe ule mwembamba wa kung'aa, kwani paka akiumeza huweza kumkata utumbo.

Kuhusu pesa sina mengi. Wa plastiki hulipwa mara moja, wa kukatwa kila mwaka. Gawanya bei ya ule wa plastiki kwa idadi ya Krismasi ambazo kweli utautumia, siyo ulizoahidiwa, na kumbuka kuongeza stendi nzuri upande wa mti halisi. Tofauti mara nyingi huwa ndogo kuliko kelele zake.

Wa tatu, mwenye mizizi

Mti wa chunguni huuzwa kama suluhu ya ugomvi wote huu. Haukatwi, hautupwi, mwakani unarudi. Unaweza kuwa kweli, kama umeoteshwa humo humo. Mingi imechimbwa shambani majuzi, mizizi ikapunguzwa, ikasukumiwa kwenye chungu na udongo. Huo umeshaumia na wengi wake hufa kabla ya mwaka kuisha. Shika shina ulitikise. Mti na udongo vikienda pamoja, umeota humo. Mti ukicheza peke yake, uache.

Na hata ule mzuri si wa kukaa ndani kama wageni wengine. Siku 10 hadi 12, basi. Katika nchi za baridi, joto la sebule huuambia mti kwamba majira ya kuchipua yamefika, unafungua macho, kisha unarudishwa kwenye barafu. Upitishe kibarazani siku chache wakati wa kuingia na wa kutoka.

Anayeishi kwenye joto ana chaguo ninalolipenda kuliko yote ya chunguni: araukaria ya kisiwa cha Norfolk, katika Pasifiki. Huitwa msonobari ingawa si msonobari. Matawi yake yamepangika ngazi kwa ngazi kama yamechorwa, na hukubali kuishi ndani mwaka mzima ukiwa na mwanga wa kutosha. Ni laini, kwa hiyo mapambo yawe mepesi, na taa ziwe chache. Siku ukichoka nao ukaamua kuupanda nje, usiuweke karibu na ukuta. Kwao hufikia mita 50.

Kabla hujanunua mpya

Kuna mti wa nne ambao hautangazwi kwa kuwa hauna anayepata faida. Ni mti wa plastiki wa mtu mwingine. Kilo zake 40 za gesi joto zilikwisha kutoka siku ulipotengenezwa, na kila Krismasi unayouongezea ni nafuu tupu. Watu wanaohama, wanaopunguza vitu, waliobadili urefu wa dari, wengi wao wanatafuta pa kuupeleka. Uliza ndugu na majirani mapema, mwezi wa kumi hivi, kabla hawajautupa jalalani pamoja na makochi.

Wetu wa sasa tuliupata hivyo, kwa jirani aliyekuwa anafunga virago. Alama za rangi zimefutika, kwa hiyo tunapanga matawi kwa kukisia urefu na kugombana. Mguu mmoja wa stendi umefungwa waya. Upande wenye pengo unatazama ukuta, na pengo hilo sasa ndiko tunakopitishia nyaya za taa. Una Krismasi nane kwetu, na sijui ngapi kwake. Mwanangu, ambaye siku hizi ananipita urefu na ndiye anayeweka nyota bila kupanda kiti, bado kila mwaka huuliza lini tutaleta tena mti wa kunyesha.